Ndege wanaopanda ng'ombe wangu

SWALI: Shikamoo Dokta. Nafuga ng'ombe huku Magu, kuna ndege wadogo wa kahawia wanang'ang'ania mgongoni na masikioni mwa ng'ombe wangu, jirani anasema niwafukuze wanakunywa damu, ni kweli? – Mfugaji, Magu

JIBU: Marahaba mwanangu. Hao ni shashi, wengine huwaita askari wa kifaru. Wako wa aina 2, mwenye domo jekundu na mwenye domo la njano, na kazi yao kubwa ni kula kupe, hasa wale walioshiba damu. Sasa jirani yako hajakosea sana maana shashi anapenda damu kweli, akikuta kidonda atakidonoa na kitachelewa kupona, kwa hiyo kidonda kipake dawa na huyo ng'ombe umwangalie kila siku, lakini ndege usimfukuze jamani! Kupe ndio wanaoleta ndigana kali na wewe unajua inavyomaliza ndama.

Usimchanganye na yangeyange, yule mweupe wa miguu mirefu anayefuata ng'ombe mbugani, yeye anadaka panzi wanaorushwa na kwato.

Ila josho, yaani kuogesha ng'ombe kwa dawa ya kuua kupe, usiache hata kidogo, ndege peke yao hawatoshi. Na dawa chagua vizuri, zamani majosho yenye sumu ya aseniki yaliua shashi wengi sehemu nyingi za Afrika na mimi hilo linaniuma mpaka leo. Muulize afisa mifugo wa kata dawa ipi haidhuru ndege, na uchanganye kwa kipimo cha kwenye chupa, sio kwa kukadiria.