London hadi New York kilomita 5,540: kwa nini tiketi inasema saa 8

Mkuu, umegawanya kilomita 5,540 kwa mwendo wa 900 kwa saa, ukapata saa 6 na dakika kumi hivi, sasa unashangaa tiketi ya kutoka Heathrow, uwanja wa London, kwenda JFK, uwanja wa New York, kuandikwa safari ya saa 8. Hesabu yako haina kosa, ila iamini tiketi. Njia hii nimeipita mara kadhaa, kwenda na kurudi.

Mla muda mkubwa ni upepo. Huko juu, mita elfu 10 na zaidi, kuna mkondo mkali unaovuma kutoka magharibi kwenda mashariki. Ile 900 ni mwendo wa ndege ndani ya hewa, na hewa yenyewe nayo inasogea. Safari moja ya kwenda niliikodolea macho skrini ya kiti cha mbele: 790, 780, 775, na bahari bado iko chini yetu. Wiki mbili baadaye nikirudi, ndege ya aina ileile, skrini ikasoma 1,090. Februari 2020, wakati wa dhoruba Ciara, kuna ndege iliyotoka JFK ikatua Heathrow kwa saa 4 na dakika 56.

Hata hizo 5,540 usizishike sana. Huo ndio umbali mfupi kuliko wote: vuta uzi juu ya tufe kati ya miji hiyo, utauona umepanda kaskazini hadi Newfoundland, kisiwa cha Kanada, mbali na mstari wa rula kwenye ramani ya karatasi. Lakini njia za juu ya Atlantiki hupangwa upya kila siku kufuata upepo. Anayekwenda magharibi huukwepa. Anayerudi huufuata, hata kama kilomita zitaongezeka.

Tena muda wa tiketi huanza ndege ikiondoka getini na huisha ikisimama getini. Foleni ya kuruka imo humo.

Saa za huko ndizo zilizoniumiza. Kwa kawaida New York iko nyuma ya London kwa saa 5. Niliondoka saa 11 jioni, nikampigia dada yangu: ongeza 8, toa 5, natua saa 2 usiku. Ilikuwa katikati ya Machi. Marekani husogeza saa mbele Jumapili ya pili ya mwezi huo, Uingereza hungoja Jumapili ya mwisho; hapo katikati tofauti ni saa 4. Dada alisimama pale uwanjani saa nzima, mtoto amemlalia begani, na tiketi yangu ilikuwa imeandika saa 3 usiku tangu mwanzo. Mpaka leo inaniuma. Mwishoni mwa Oktoba hali hiyo hurudi kwa wiki moja.

Anayekuja kukupokea mpe saa ya kutua kama ilivyoandikwa, pamoja na namba ya ndege, aifuatilie mwenyewe kabla hajatoka nyumbani.