Muulize anayebeba ndoo

Mwanangu mpendwa,

Umeniuliza: kati ya miezi sita waliyokupa wafadhili, mingapi uchunguze tatizo na mingapi uunde hicho kikaushio cha nyanya? Miezi sikugawii. Mimi nataka kujua utamsikiliza nani, maana habari ya PlayPump bado inaniuma.

Ni pampu ya maji iliyobuniwa Afrika Kusini: watoto wazungushe bembea la duara, maji yapande tangini. Mwaka 2006 serikali ya Marekani na wafadhili wenzake walitangaza dola milioni 16.4, na lengo likawa pampu 4,000 kufikia 2010. Hesabu yake ilihitaji penseli tu. Pampu moja, watu 2,500, lita 15 kila mtu: lita 37,500 kwa siku. Bembea ikitoa lita 1,400 kwa saa, watoto wacheze karibu saa 27 kila siku! Wakiwa darasani, akina mama ndio waliosukuma gurudumu lile, na pampu ya mkono waliyoizoea ilikuwa imeshang'olewa. Kuna vijiji ambako hawakuulizwa kabisa. Anayebeba ndoo ndiye anayejua. Nimewaambia hivyo tangu mkiwa wadogo, na sichoki.

Lakini hapo hapo najipinga. Mchumi Muhammad Yunus, mwaka 1976 kijijini Jobra, Bangladesh, alitaka orodha ya waliobanwa na wakopeshaji: watu 42, jumla dola 27. Akazitoa mfukoni. Alipokwenda benki wakopeshwe, akaambiwa maskini hawana dhamana. Tatizo lenyewe lilijitokeza baada ya yeye kutenda.

Kwa hiyo usitenganishe kuchunguza na kuunda. Wakulima usiwaulize, "Mngependa kikaushio?" Watakuitikia kwa heshima tu. Uliza nyanya zilizooza mara ya mwisho zilikuwa kiasi gani, na walizifanya nini. Wiki hiyohiyo piga fremu ya mbao, tandaza wavu, funika kwa nailoni, acha matundu chini na juu. Bila matundu unyevu hunaswa ndani na vipande huota ukungu. Mwazime mkulima mmoja, uondoke. Ukirudi usimuulize kama amekipenda. Tazama kama wavuni kuna vipande vipya.

Kama mradi huu unafaa au haufai, maoni ninayo, na dada yako anayajua. Wewe sikuambii bado, ingawa ulimi unaniwasha. Niandikie kwanza: ni nani atakayekata hizo nyanya, na kazi gani ataiacha ili azikate?

Mzazi wako