Nondo zilizoachwa juu ya slabu hazisemi kitu kuhusu msingi

SWALI: Shikamoo mhandisi. Marehemu baba yetu alituachia nyumba Ngamiani, hapa Tanga mjini. Aliijenga mwaka 1996. Ni nyumba ya chini, mbele ina fremu nne za maduka, nyuma vyumba, na juu alimwaga slabu. Kila nguzo aliiachia nondo zimechomoza, maana nia yake ilikuwa kupandisha. Sasa kama familia tumekubaliana tupandishe ghorofa tatu, kwa kuwa wapangaji wapo na kiwanja cha kununua mjini hatukiwezi. Fundi wetu anasema msingi umeshiba. Nondo zilizopo ni za milimita 12, anataka kuziunga na za 16 na kuzivisha nguzo za chini zege jipya ziwe nene. Ramani tumeshachorewa. Swali letu: nondo tuziunge kwa kuchomelea au kwa kufunga waya? Kwa sasa juu ya slabu tumeweka tangi la maji la lita 5,000 tu. — Msomaji, Ngamiani

JIBU: Marahaba. La nondo nalimaliza kwanza kwa sababu ndilo dogo. Msichomelee. Nondo nyingi zinaharibika tabia zikipigwa moto wa kuchomelea, na hizo zenu zimekula upepo wa bahari karibu miaka 30. Nondo hupishanishwa na kufungwa waya, na mpishano wa kawaida ni kama mara 40 ya unene wake, kwa hiyo ya milimita 12 inataka kama sentimita 48. Ila mkiifunga ya 16 kwenye ya 12, chini ya fungo bado mna nguzo ya 12. Fundi wenu ameongeza chuma mahali ambapo hapakuwa na upungufu.

Sasa hayo maneno "msingi umeshiba". Muulizeni aliuona lini. Mwaka 1996 alikuwapo? Kama hakuwapo, amechimba pembeni ya nguzo akaangalia? Najua jibu, kwa sababu hazipiti wiki mbili sijapigiwa simu kama barua yenu. Tangu bandari ichimbwe kina na bomba la mafuta kutoka Hoima, Uganda, lije kuishia Chongoleani, hapa Tanga, kila familia yenye nyumba katikati ya mji inatazama juu. Siwalaumu. Kiwanja ni kidogo, warithi ni wengi, fremu zinalipa. Lakini kila simu ina sentensi ileile: mzee aliacha nondo.

Mzee aliacha nondo, ndiyo. Kuacha nondo kunagharimu nusu mita ya chuma kwa kila mche. Msingi wa kubeba ghorofa tatu unagharimu mara nyingi zaidi ya msingi wa nyumba ya chini, unafukiwa, na hakuna jirani atakayeuona na kuusifia. Fikirini wenyewe, kwa mfuko wa mwaka 1996, kipi kilikuwa rahisi kulipiwa. Watu waliacha nondo kwa sababu jirani aliacha, au kwa sababu nyumba yenye nondo juu inaonekana ya mtu mwenye mipango. Nimeona nyumba za bati tupu, hata slabu hazina, nondo zimetokeza pembeni ya bati kama masikio ya sungura. Pale msingi wa ghorofa uko wapi?

Tupige hesabu ya nguzo moja, ya kukadiria tu. Tuseme nguzo zenu zimeachana mita 4, kwa hiyo nguzo ya katikati inabeba eneo la mita 4 kwa 4. Zege lina uzito wa kama kilo 2,400 kwa mita moja ya ujazo. Slabu ya sentimita 15 kwenye eneo hilo ni karibu tani 6. Bimu na nguzo yenyewe, tani 2 kasoro kidogo. Taili na plasta, tani moja na nusu. Kuta za tofali za inchi 6 zinakaribia tani moja kwa kila mita ya mwendo wa ukuta, na hapo zinaweza kufika mita 8. Watu, makabati, vitanda na friji, tani 3. Inakuja karibu tani 20 kwa ghorofa moja, kwa nguzo moja. Leo slabu yenu, ukiacha tangi, iko wazi, haina kuta wala watu juu yake, kwa hiyo nguzo hiyo inashusha kama tani 8 tu. Mkipandisha tatu, slabu hiyo ikawa sakafu ya ghorofa ya kwanza, itashusha 60.

Chini ya nguzo kuna kitako cha zege, mafundi wanakiita besi. Kwa nyumba ya chini ya miaka ile, besi ya mita 1.2 kwa 1.2 ilikuwa ukarimu. Leo ardhi chini yake inakandamizwa kwa kama tani 6 kila mita ya mraba. Kwa tani 60 itakandamizwa kwa 42. Mchanga ulioshikana vizuri mhandisi makini huupa tani 10 mpaka 20. Nondo ya 16 inaingia wapi kwenye hesabu hiyo? Haiingii kabisa. Na kuvisha nguzo koti la zege kunaifanya nguzo iwe nene na nzito zaidi, halafu uzito wote unashuka palepale, kwenye besi ileile. Ni sawa na kumvisha mtu suruali nzito wakati ugonjwa uko kwenye nyayo.

Nami nimezungumza kana kwamba besi ipo. Miaka kadhaa iliyopita niliitwa kwenye nyumba kama yenu, barabara ya kumi na kadhaa hukohuko Ngamiani. Kabla sijasema lolote niliomba vijana wawili wachimbe pembeni ya nguzo ya kona. Mwenye nyumba, mama wa makamo, alisimama na mwamvuli akiwahimiza wafanye haraka, kwa sababu lori la kokoto lilikuwa njiani. Futi moja na nusu, tukakuta mwisho wa nguzo. Imesimama juu ya mawe ya matumbawe yaliyopangwa kwa udongo, na kati ya jiwe na zege kuna karatasi ya mfuko wa saruji, haijaoza vizuri, maandishi yanasomeka nusu. Hakuna besi. Juu, nondo nne nzuri za 16 zilikuwa zimenyooka kuelekea mbinguni. Yule mama alifunga mwamvuli, akampigia simu mwenye lori.

Ardhi ya Tanga nayo ina mambo yake. Mji umekaa juu ya mwamba wa matumbawe na chokaa, juu yake mchanga na udongo mwekundu, na unene wa udongo huo unabadilika kiwanja kwa kiwanja. Mapango ya Amboni, kilomita chache tu kaskazini, ni mwamba wa chokaa ulioliwa na maji. Sisemi chini ya fremu zenu kuna pango. Nasema fundi anayewaambia "jirani alipandisha na haijamfanya kitu" hajui jirani alikuta nini chini, na pengine hata jirani hajui.

Halafu chumvi. Miaka ile mchanga wa pwani ulitumika sana, na zege likichanganywa kwa maji ya kisima. Chumvi ikiingia kwenye zege huishambulia nondo kimyakimya. Kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichooza, kwa hiyo inalipasua zege kutoka ndani. Wapo mafundi wanaoonja mchanga kwa ulimi na kusema hauna chumvi. Ulimi haupimi kiwango kinachoozesha nondo. Kikipimwa maabara, ndipo tunajua. Angalieni nyuma ya fremu zenu, upande wa vyoo: kama kuna mpasuko ulionyooka wima kwenye pembe ya nguzo, wenye rangi ya kahawia, huo ni mstari wa nondo inayovimba. Mara nyingi utakuta hawakuweka biskuti, vile vipande vya zege vya kuitenganisha nondo na mbao, kwa hiyo nondo imelala sentimita moja tu kutoka nje. Huku pwani tunataka nne, hata tano. Watu wanapiga plasta juu yake na kupaka rangi.

Kuhusu ramani, nina hasira nayo zaidi kuliko nondo. Mmeandika "tumeshachorewa" kana kwamba hilo limekwisha. Mchoraji alikuja kwenu? Alichimba? Au alitumiwa vipimo vya kiwanja kwa simu akarudisha picha yenye balkoni? Picha ya sura ya jengo si michoro ya muundo. Ya muundo inaonyesha kila besi, kila bimu, nondo ngapi na ringi, yaani vyuma vyembamba vinavyozizunguka nondo, kila baada ya sentimita ngapi, na nyuma yake kuna mahesabu ambayo mtu aliyesajiliwa na Bodi ya Usajili wa Wahandisi ameyawekea jina lake. Najua pia kuna wahandisi wenzangu wanaokodisha muhuri kwa michoro ambayo hawajaisoma. Hao ni wabaya kuliko fundi, kwa sababu fundi angalau hajui. Mhandisi ambaye hajakanyaga kiwanja chenu msimlipe hata akiwa na mihuri mitatu.

Na wapangaji wa fremu nao wana mchango wao. Wengi wanataka duka pana, kwa hiyo ukuta wa katikati unabomolewa usiku, ili afisa wa jiji asione. Kwenye nyumba nyingi za mjini ukuta huo ndio unaobeba slabu. Wengine wanachimba chini kutafuta stoo. Jengo la ghorofa nne lililoanguka Kariakoo Novemba 16, 2024, na kuua zaidi ya watu 20, taarifa za siku zile zilisema chini yake kulikuwa na kazi ya kupanua eneo la biashara. Miaka 11 kabla, Machi 29, 2013, lilianguka jengo la ghorofa 16 lililokuwa likijengwa mtaa wa Indira Gandhi, Dar es Salaam, wakafa watu 36. Kila mara tume inaundwa, majengo yanakaguliwa, halafu tunasubiri. Watu wa Tanga hudhani hayo ni mambo ya Dar. Tofauti ni kwamba sisi bado hatujapanda sana, na tunapanda juu ya nyumba za baba zetu.

Na wasomaji wengine, kama ninyi ni wapangaji kwenye nyumba ambayo mwenyewe anaipandisha juu yenu, au jirani anachimba msingi akiugusa ukuta wenu, chungeni milango. Mlango uliokuwa ukifunga vizuri mwaka jana na sasa unagoma pembeni, au ufa unaokwenda kingazi kwenye viungo vya tofali, piga alama ya penseli kwenye mwisho wa ufa na uandike tarehe. Ukivuka alama yako ndani ya wiki, toka, kisha mpigie mhandisi wa jiji ukiwa nje.

Nyinyi fanyeni hivi. Chimbeni mashimo matatu: nguzo ya kona, ya pembeni na ya katikati, moja moja kwa zamu na mhandisi akiwapo, msiyafungue yote kwa pamoja. Mpime udongo. Zege la nguzo litobolewe vipande vikapondwe maabara, na chumvi ipimwe hukohuko. Kwa uzoefu wangu gharama yote hiyo haifiki bei ya nondo za ghorofa moja. Majibu yakija mazuri, huenda mkapata ghorofa moja nyepesi. Kupata tatu kwenye msingi wa 1996 sitegemei. Mara nyingi ninachowaambia warithi ni kubomoa na kuanza chini na kibali kipya cha jiji, au kuingiza besi na nguzo mpya ndani ya nyumba, kazi ambayo ni ya ghali na ya mkandarasi aliyesajiliwa.

Na hilo tangi mnaloliita "tu": lita 5,000 ni tani 5, zimekaa kwenye kiduara cha kama mita 3 za mraba. Slabu ya makazi huhesabiwa kubeba kilo 150 mpaka 200 kwa mita ya mraba, na nyinyi mmeweka zaidi ya 1,600. Limwageni maji leo, mlishushe kesho.