“Hadi” ya Kijapani: mstari au nukta?

Katika mwaka wangu wa kwanza wa kujifunza Kijapani nilimwandikia mwalimu wangu ujumbe mfupi wa kumtaarifu kwamba insha yangu ingemfikia kabla ya wiki kwisha. Niliandika “Kin’yōbi made sakubun o dashimasu”, nikiamini nimesema kwamba nitawasilisha insha hadi Ijumaa. Kesho yake, baada ya kipindi, aliniita mezani, akageuza karatasi na kuchora mstari mrefu ulioishia kwenye neno Ijumaa, kisha chini yake akaweka nukta moja nzito ya wino. Mstari, aliniambia, ndio nilioandika: kwamba nitakuwa nikiwasilisha insha, na kuwasilisha tena, mfululizo, mpaka Ijumaa ifike. Nilichokusudia kilikuwa ile nukta, na nukta huhitaji “made ni”.

Kosa hili hutupata kirahisi sisi tuliokulia katika Kiswahili, kwa kuwa “hadi” na “mpaka” hufanya kazi zote mbili bila kulalamikiwa na mtu. Tunasema “nitakusubiri hadi saa kumi” na tunasema “leta fomu hadi Ijumaa”, na msikilizaji huelewa kutokana na kitenzi kwamba kusubiri kunaendelea muda wote, ilhali fomu italetwa mara moja tu. Kijapani hakikubali kuliacha jambo hilo mikononi mwa kitenzi peke yake. Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza ni kuacha kutafuta tafsiri ya “hadi” na kuanza kukitazama kitenzi. Kusubiri, kulala, kukaa na kufanya kazi ni vitenzi vya mstari, navyo huchukua “made”: “yoji made machimasu”, nitasubiri hadi saa kumi. Kuwasilisha, kufika, kurudi na kumaliza ni vya nukta, navyo huchukua “made ni”: “yoji made ni kaerimasu”, nitakuwa nimerudi ifikapo saa kumi. Kukanusha hubadili hesabu, kwani kutokuja ni hali inayoendelea; ndiyo maana “hakuja mpaka saa kumi” ni “yoji made kimasen deshita”, bila “ni”.

Wapo wanaofundisha kwamba “made ni” ni sawa na “kabla ya”. Mimi naona tafsiri hiyo ina hatari, kwa sababu “kabla ya Ijumaa” kwetu huiacha Ijumaa nje, wakati “Kin’yōbi made ni” huijumuisha. Na kwa kuwa saa ya Kijapani huhesabiwa kuanzia usiku wa manane, “yoji” ni nne kwa maneno lakini ni saa kumi kwa hesabu yetu. Hakikisha umehama saa kwanza, ndipo uhangaike na sarufi.

Ukishaielewa nukta hiyo, utaikuta tena kwenye “aida”, neno lenye maana ya kipindi au nafasi iliyo kati ya vitu viwili. “Natsuyasumi no aida, Nagoya ni imashita” humaanisha kwamba likizo nzima ya kiangazi nilikuwa Nagoya. “Natsuyasumi no aida ni, Nagoya e ikimashita” humaanisha kwamba siku fulani ndani ya likizo hiyo nilikwenda huko.

Kuhusu “kara” sina mengi. Hukaa baada ya nomino, tofauti na “kutoka” yetu, na haitenganishi mahali na wakati kama tunavyotenganisha “kutoka” na “tangu”: “Tōkyō kara Ōsaka made”, kutoka Tokyo hadi Osaka, na “kuji kara goji made”, tangu saa tatu hadi saa kumi na moja, vina umbo lilelile. Kwenye vibao vya maduka utaona alama ya wimbi, 10:00〜20:00. Wimbi hilo husomwa “kara”, na likiandikwa mbele ya saa iliyo peke yake, 〜17:00, husomwa “made” baada ya saa hiyo.

Panaponigusa zaidi ni “kara … ni kakete”, ambayo niliifahamu kwa kusikiliza utabiri wa hali ya hewa kila jioni. “Konban kara asu no asa ni kakete ame ga furu deshō”: mvua itanyesha usiku wa kuamkia kesho. Huo msemo wetu wa “usiku wa kuamkia” unakaribia sana roho yake, kwa kuwa hakuna anayedai kujua dakika ambayo mvua itaanza wala itakayokatika. “Made” huweka ukingo mkali. “Ni kakete” huacha kingo zififie. Msimu wa mvua wa Japani, tsuyu, ambao katika sehemu kubwa ya nchi huwa Juni na Julai, huelezwa hivyo, na hata masika yetu ya Machi hadi Mei ningeyaeleza kwa “ni kakete”. Hutumika pia kwa eneo: habari za tsunami ya Machi 11, 2011 zilitaja pwani ya Pasifiki “Tōhoku kara Kantō ni kakete”, yaani kuanzia kanda ya Tōhoku hadi ya Kantō.

“Ni watatte” nayo hutaja ukubwa wote wa jambo, na mara nyingi hufuata kiasi: siku 3, miaka 10, nchi nzima. Nilizichanganya hizi mbili kwa muda mrefu mpaka nilipotazama asili yake. “Kakeru” ni kitenzi cha kutundika, na kwa matamshi hayohayo ni kulaza daraja juu ya mto. “Wataru” ni kulivuka daraja hilo. Ya kwanza hushika ng’ambo hii na ile. Ya pili hupita juu ya kila ubao. Ndiyo maana foleni ya magari ya kilomita 10 husemwa “jukkiro ni watatte”, kwa sababu hakuna mita hata moja ndani yake ambayo barabara iko wazi.