Usipange mshahara wa duka la steshenari kwa kutazama jumla ya malipo

Usimpunguzie mtu yeyote mshahara kwa sababu ya grafu hiyo. Umeandika kwamba umenunua duka la steshenari na zawadi, umeona fahirisi ya malipo ya wafanyakazi wa maduka ya aina hiyo kutoka Ofisi ya Takwimu za Kazi ya Marekani ikishuka kwa miaka kadhaa, na sasa unataka kuwalipa watu wa kaunta pungufu ya walivyolipwa na mwenye duka aliyekutangulia. Kisha ukauliza uwapange vipi vibarua wa msimu. Hapa nazungumzia mshahara tu, kwa maana hapo ndipo utakapoumia.

Fahirisi hiyo, ambayo hulinganisha kila mwaka na mwaka wa msingi wa 2017, uliopewa thamani ya 100, hupima jumla ya fedha ambazo sekta nzima imetumia kwa wafanyakazi: mishahara, bonasi na michango ya mwajiri. Haipimi anacholipwa mtu mmoja kwa saa. Ikiwa jumla imeshuka hadi 80 na saa za kazi zimeshuka hadi 64, gawanya 80 kwa 64 utaona kwamba malipo ya saa moja yamepanda kwa asilimia 25. Mstari unashuka, na mfanyakazi anazidi kuwa ghali. Saa zenyewe zilipungua kwa sababu maduka yalifungwa: Office Depot na OfficeMax, kampuni za maduka ya vifaa vya ofisi, ziliungana mwaka 2013 na mamia ya matawi yakafuata kufungwa, na Papyrus, iliyouza kadi na zawadi, ilifunga maduka yake yote mwaka 2020. Duka lililofungwa halilipi mshahara, lakini halikupi ushahidi kwamba mshahara umeshuka.

Mimi nililetewa grafu hiyohiyo na mshauri aliyejiita mtaalamu wa rejareja, tukashusha kiwango cha saa. Wa kwanza kuondoka alikuwa mama wa kaunta ya kalamu, ambaye mteja alikuwa akimwekea kalamu mkononi naye, bila kufungua katalogi, akavuta droo na kutoa wino unaoingia. Aliondoka msimu wa kufungua shule ukikaribia. Waliokuja baada yake waliagiza katriji za wino zisizolingana na mashine za kuchapa za wateja wetu wa ofisi, boksi zikarudi zikiwa zimeshafunguliwa na msambazaji akazikataa, na ofisi mbili zilizokuwa zikinunua karatasi kwa mkopo wa mwezi zikahamia kwingine. Tulichookoa kwenye mishahara hakikufikia hata thamani ya katriji zilizobaki stoo. Mshauri alichukua ada yake yote, na nilipomuuliza kwa nini hakunionyesha saa za kazi, alijibu kwamba sikuziomba. Mtu anayelipwa ili asome takwimu hana haki ya kutoa jibu la namna hiyo, na bado nina hasira naye. Grafu yake ilikuwa na rangi nzuri sana, lakini haikuweza kufunga zawadi hata moja.

Wapo watakaokuambia kwamba kima cha chini cha mshahara cha serikali ya shirikisho nchini Marekani kimebaki dola 7.25 kwa saa tangu Julai 2009, kwa hiyo soko limelala. Zaidi ya nusu ya majimbo yana kima cha juu kuliko hicho, na mtu wako wa kaunta anaweza kuvuka barabara akaajiriwa na duka lolote jingine, si la steshenari pekee. Tena fahirisi hiyo haiondoi mfumuko wa bei, ambao Juni 2022 ulifikia asilimia 9.1 kwa mwaka, hivyo hata unapoiona inapanda usidhani kwamba wafanyakazi wameneemeka.

Gawanya kwa saa kwanza. Chukua daftari la malipo la mwenye duka wa zamani, jumlisha mishahara pamoja na mchango wa mwajiri wa asilimia 7.65 kwa Hifadhi ya Jamii na Medicare (bima ya afya ya serikali, hasa kwa wazee), gawanya kwa saa zilizofanyiwa kazi mwezi kwa mwezi, kisha ulinganishe na kiwango kinachotangazwa sasa na maduka yanayokuzunguka. Ukishapata namba hiyo, ilete hapa kabla hujasaini mkataba na yeyote, na niko tayari kukaa nawe tuipitie safu kwa safu.