Matone ya damu yako kwa macho makavu

Mkuu uliyeuliza kama kuna matone ya kutibu macho makavu yanayotengenezwa kwa damu ya mgonjwa mwenyewe, yapo kweli, sio uzushi. Unatolewa damu, inaachwa igande halafu inazungushwa kwenye mashine, yale maji ya juu ndo seramu, wanayachanganya na salaini (maji safi ya chumvi) mara nyingi seramu ibaki asilimia 20, yana vitamini A na vichocheo vya ukuaji kama machozi yenyewe ndo maana kidonda kwenye uso wa jicho kinapona. Nipo maabara hapa Tabora naijua seramu vizuri, nawaomba sana msijitengenezee nyumbani, haina kihifadhi bakteria wanaingia fasta na jicho linaharibika. Halafu kwa macho yanayokauka kwa vumbi la kiangazi wanaanza na matone ya machozi ya bandia kwanza, seramu ni kwa yaliyokauka vibaya.