Je, kusadiki elektroni ni kuingilia ghaibu?

SWALI: Assalaam alaykum Sheikh. Nasoma fizikia mwaka wa pili hapa Kampala, kwetu Arua. Ustadhi wa darsa yetu anasema elektroni, zile chembe ndogo mno za ndani ya atomu, hazipo, ni hesabu tu za kurahisisha kazi, na anayesadiki asichokiona bila wahyi ameingilia ghaibu ya Mwenyezi Mungu. Baba ameuza ng'ombe wawili nisome. Niache?

JIBU: Waalaykum salaam mwanangu. Usiache. Natanguliza hilo kwa sababu naona hulali.

Neno la ustadhi si geni. Mwanafizikia Ernst Mach wa Austria aliziona atomu hivyo hivyo, kifupisho cha hesabu tu. Kisha mnamo 1908 Mfaransa Jean Perrin akapima mtikisiko wa chembe ndani ya maji, akapata idadi ya atomu inayoafikiana na ile ya njia nyingine kabisa, na wabishi wengi wakanyamaza. Si wote; wanafalsafa wanavutana hadi leo. Na kweli nadharia hufa: flojistoni, iliyodhaniwa hutoka kwenye kitu kinachoungua, imekwenda. Kwa hiyo usiiapie kila nadharia.

Lakini kusema kisichoonekana hakithibitiki kwa athari zake! Subhanallah. Madrasa tunawafundishaje watoto kumjua Muumba? Si kwa yule bedui: kinyesi chaonyesha ngamia, nyayo zaonyesha mpita njia? Nawe maabara umeuona ule mstari wa mwanga ndani ya bomba la elektroni unavyopinda kila ukisogezewa sumaku. Ukisema hapa pana kitu kinapita, umemfuata bedui. Ustadhi akimkatalia bedui wa maabara, yule wa jangwani atamteteaje? Ghaibu aliyojihusia Mola, kama Saa ya Kiyama, haina alama ya kupimwa kwa sumaku. Kuchanganya mambo haya mawili ni uvivu, sitauita uchamungu.

Nilikuwa Pakwach jua lilipopatwa tarehe 3 Novemba 2013. Wakati wake ulijulikana mapema, nasi tukasali sala ya kupatwa bila kuona mgongano wowote. Imam Ghazali alishaonya, zaidi ya miaka 900 iliyopita, kwamba anayebishia hesabu za kupatwa akidhani anaitetea dini, ameidhuru.

Usimbishie ustadhi mbele ya wenzako. Ana haki ya ualimu juu yako. Mfuate baada ya Isha, kwa adabu, umwulize bedui alikosea wapi. Na baba mpigie leo. Habari za kuacha usizitaje kabisa, mwulize tu hali ya ng'ombe waliobaki.

Wallahu aalam.